Gitaa Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Gitaa la baba mkwe wangu lilitundikwa ukutani juu ya kitanda chake, na chumba cha baba mkwe ni mahali ambapo mke wa mwanawe hakanyagi. Wakurya huliita jambo hilo ensoni: haya, staha na hofu kidogo, vyote katika neno moja. Simpi mkono kumsalimu. Namwamkia shikamoo nikiwa nimesimama mbali. Sikalii kiti chake. Yeye naye hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba ninayoishi na mume wangu, ingawa iko ng'ambo ya ua tu na ingawa ni yeye aliyesimamia ujenzi wake tangu msingi. Tunaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Kwa hiyo, katika miaka yote niliyoishi katika mji wao hapa Nyarero, gitaa hilo nililifahamu kwa sauti. Sikuwahi kuligusa.

Alilipiga jioni, mama mkwe akipika. Alitoka na kiti chake, akakiegemeza kwenye ukuta wa nje wa jiko, akaanza. Ndani tulikuwa sisi wawili, mimi na mama mkwe, tukichambua mboga au kupepeta maharage, na ukuta wa tofali ukiwa katikati yetu na yeye. Tulipotaka kumwona tulitazama mbele, kwenye kioo cha dirisha la nyumba kubwa kilichoelekea mlango wa jiko: mle ndani ya kioo alikuwemo mzee mdogo mwenye gitaa dogo, kichwa kimeinama, vidole vikitembea. Wanawe wa kiume walikuwa shule za bweni, kisha kazini. Binti yake aliolewa mapema. Ndivyo ilivyotokea kwamba wimbo aliokuwa akiurudia kuliko nyingine zote ulisikilizwa, kwa miaka mingi, na wanawake wawili na moto.

Ulikuwa wimbo wa Kikurya, ameutunga mwenyewe, wa ng'ombe wa mahari. Mama mkwe alikuwa mtu wa Natta, kusini ya Mto Mara, na ng'ombe waliokwenda kwao walipaswa kuvuka. Mmoja wao alifika ukingoni akagoma. Wimbo unasema alisimama na kuyatazama maji kama mtu anayesoma, na kwamba bwana harusi aliingia mtoni kumsukuma mpaka jua likazama. Kila wimbo ulipofika hapo, mama mkwe aliinua uso kutoka kwenye sufuria na kupaza sauti kuelekea ukutani:

"Na suruali? Mbona suruali huitaji?"

Kwa maana suruali ya bwana harusi ilichukuliwa na mto siku hiyo, mbele ya wakwe zake, na mzee hakuwahi kukubali kuiingiza katika wimbo. Tulicheka. Nje gitaa lilinyamaza kidogo, kisha likaendelea kana kwamba halikusikia.

Mama mkwe alipofariki tulimzika pembeni mwa migomba. Mzee alisimama kando ya kaburi, akasema mbele ya watu wote kwamba siku ya kusimika msalaba atampigia mkewe wimbo ule. Miezi haikuwa mingi kiharusi kikamkuta. Ulimi ulirudi. Mguu ulirudi nusu. Mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi, ulibaki pajani kama kitu alichoazimwa.

Msalaba wa zege ulikuwa tayari, umelazwa ghalani chini ya magunia. Mzee akakataa usisimikwe. Ndugu wa marehemu walikuja kutoka Natta, na kaka yake mkubwa akazungumza kwa upole ambao ulitutia wasiwasi kuliko ukali.

"Shemeji, dada yetu amelala kama mtu aliyepotea njia. Kaburi halina alama. Watu wanatuuliza."

"Nilimwahidi wimbo."

"Marehemu hadai, shemeji."

"Huyu anadai. Wewe hukukaa naye."

Walikubaliana kwa shida: mahindi yakishavunwa watarudi, na msalaba utasimikwa, wimbo uwepo usiwepo. Nilimwona mzee mshipa wa shingo ukipiga. Daktari alikwisha kumwambia mume wangu, pembeni, kwamba shinikizo la damu la baba yake halitaki kutulia, na kwamba kiharusi cha pili kikija yeye hatoi ahadi yoyote.

Vijana wa kwaya walijaribiwa kwanza. Walikuja wawili, wapole, wenye vidole vyepesi. Mzee aliwaimbia wimbo kwa sauti yake iliyokwaruza, nao wakaupata upesi, wakaupamba. Akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mmepiga vizuri," alisema. "Lakini huo ni wa kanisani. Wa kwangu una matope."

Walipoondoka tulibaki uani, familia peke yetu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ana duka la nguo Sirari, mpakani na Kenya, na ambaye Kiswahili chake kilivuka mpaka zamani, alisema basi wimbo upigwe kwa spika ya simu. Hakuna aliyekuwa ameurekodi. Nikasikia sauti yangu.

"Mimi naujua."

"Unaujua aje? Ati wewe?" akasema wifi.

"Naujua kwa masikio. Nitajifunza vidole."

"Umri huu? Na hivyo vidole vya kushika chaki? Wacha mchezo, wifi. Na nani atakufundisha? Baba akukalishe hapo akushike mkono? Kwetu hapa?"

Mume wangu alitazama chini. Hilo la mkono lilikuwa kweli, na wote tulilijua. Gitaa hufundishwa kwa kukaa goti kwa goti, mwalimu akisogeza vidole vya mwanafunzi. Baba mkwe hawezi kukaa nami hivyo. Si suala la kukatazwa na mtu. Miili yetu yenyewe isingekubali.

Mzee alikohoa. Akasema, akilitazama zizi: "Mwalimu atakaa jikoni. Mimi nitakaa nilipokuwa nakaa."

Mwalimu ni mimi. Nafundisha fizikia sekondari, naye ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu niolewe ameniita hivyo. Jina hilo lilitupa njia ya kusemezana bila kukaribiana. Mume wangu aliingia chumbani kwa baba yake, akalishusha gitaa, akalifuta vumbi kwa shati, akanipa. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyofikiri. Lilinuka jasho la mtu mwingine.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye kigoda cha marehemu, mgongo kwenye ukuta, nikalipakata gitaa kama nilivyomwona mzee akilipakata miaka yote. Nikashusha kidole gumba juu ya nyuzi, uzi baada ya uzi. Kisha sauti yake ikapita dirishani.

"Rudia."

Nikarudia.

"Mbona sauti nyembamba inatangulia? Shingo ya gitaa imeelekea wapi, Mwalimu?"

"Kulia, Baba."

"Kulia kwa nani?"

"Kulia kwangu."

Nikainua macho, nikaona kioo cha dirisha la nyumba kubwa, na ndani yake mzee akiwa ameegemea ukuta, nami nikaelewa. Sikuwahi kumwona akipiga ila mle kiooni. Mimi, ninayewafundisha watoto wa watu habari za vioo na taswira, nilikuwa nimejifunza mtu aliyegeuzwa.

"Ligeuze," alisema. Nadhani alicheka, lakini nyuma ya ukuta kicheko na kikohozi hufanana.

Baada ya hapo hakukuwa na kicheko. Nafasi iliyo kati ya kipau kimoja cha chuma na kingine, pale shingoni, aliiita chumba. "Kidole cha kati, uzi wa tano, chumba cha pili. Bana. Usibane juu ya kipau, bana nyuma yake. Piga." Nilipiga, na uzi ukatoa sauti ya bati. "Bana!" Nilibana mpaka ncha za vidole zikafanya mifereji. "Huo uzi haujafa, Mwalimu, unaubembeleza wa nini?" Uzi mnene kuliko zote aliulegeza kuliko kawaida, ili utoe ngurumo ya chini, na ndio ulikuwa matope ya wimbo wake, vijana wa kwaya walikuwa wameukaza. Kila siku kabla ya kuanza ilibidi niupeleke mahali pake kwa kusikiliza, nikizungusha kigingi, naye nje akisema, "Shuka. Shuka. Umepita. Panda. Hapo, acha, usipumue."

Nilijaribu kumuuliza mambo kwa lugha yangu ya darasani, urefu wa uzi, kasi ya mtetemo. Alinisikiliza kwa adabu.

"Ni sawa kabisa," alisema. "Na mimi nimewafundisha watoto hayo. Sasa bana."

Vidole viliumia, kisha vikatoka malengelenge, kisha ngozi ikawa ngumu kama ya kisigino. Darasani chaki iliniponyoka mara kwa mara, na wanafunzi, ambao hawafichwi kitu katika kata hii, walianza kupiga gitaa la hewani nilipowapa mgongo. Mtaani maneno yalikuwa mengine. Mke wa mtu, tena msomi, anakesha jikoni akipokea mafundisho kutoka kwa baba mkwe. Hakuna aliyekuwa ameona lolote, kwa kuwa hapakuwa na lolote la kuona. Lakini ukuta ulikuwa hauonekani kutoka barabarani. Mume wangu, anayefanya kazi ya umeme upande wa mgodini na kurudi mwisho wa juma, aliletewa habari hizo hukohuko Genkuru.

"Mimi sina neno," aliniambia. "Ila wakiniuliza nijibu nini?"

"Wajibu kwamba baba yako yuko nje na mimi niko ndani."

"Nimewajibu hivyo. Wamesema ndiyo maana hakuna anayeona kitu."

Tulicheka, lakini usiku ule alilala amegeukia ukuta. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani. Nilianza kuyachukia mahindi. Kila nilipopita na kuona majani yamegeuka rangi niliharakisha hatua, kana kwamba mtu alikuwa akinifuata.

Mara nikaupata mwanzo. Mara nikaupata mwendo wa ng'ombe kwenda mtoni, kidole gumba cha kulia kikitembea kwenye nyuzi nene na cha shahada kikirukaruka kwenye nyembamba. Jioni moja nikafika ukingoni, ng'ombe akagoma, nikanyamaza kama inavyopasa, kisha nikaendelea.

"Mbona unasimama hapo?" alisema mzee.

"Ndipo wimbo unaposimama, Baba."

"Wimbo hausimami."

"Unasimama. Ng'ombe akishagoma. Umekuwa ukisimama hapo miaka yote."

"Mwalimu, nimeutunga mimi. Hausimami mahali popote. Ni mfululizo."

Nilikuwa na hakika, na ujasiri wa hakika hiyo ulinitisha, kwa sababu mkwe habishani na baba mkwe. Nikafumba macho nisikilize kumbukumbu. Nikaisikia sufuria. Nikausikia mwiko ukigonga ukingo wake, na ile sauti: Na suruali? Nikajua kwa nini gitaa lilikuwa likinyamaza. Katika kioo nilimwona ameinua mkono mzima kuufunika uso.

"Acha ilivyo," alisema. "Simama hapo hapo."

Kilichobaki kilikuwa kivuko chenyewe, pale ng'ombe anapoingia majini hatimaye. Hapo sauti ya chini kabisa inashuka hatua kwa hatua huku nyuzi tatu nyembamba zikiwa zimebanwa hazitikisiki. Vidole vinne havitoshi. Nilijaribu kwa kila namna. Nikiufikia uzi mnene kwa kidole cha shahada, kidole cha mwisho kinang'oka. Nikikirudisha, uzi mnene unakufa.

"Unabana na nini huo mnene?" aliuliza.

"Na kidole cha shahada."

"Siyo hicho."

"Ni kipi, Baba?"

"Ni... mkono unazunguka. Unaukamata. Hivi."

Hivi. Nilimwona kiooni akiutazama mkono wake wa kushoto, akiuamuru. Mkono haukusogea. Kwa miaka hamsini ulifanya jambo hilo bila kumwarifu, na sasa hakuwa na neno la kulieleza; mkono ulikuwa umeondoka na siri yake. Alijaribu tena. "Unaukamata, Mwalimu! Unaukamata!" Sauti ilipanda, ikaanza kuburuzika upande mmoja kama ilivyokuwa ile wiki ya kiharusi. Niliweka gitaa chini nikatoka mlangoni, kisha nikasimama. Kumsogelea siwezi. Kumwacha siwezi. Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo sikuijua, ilhali nilijua kwamba yuko Genkuru. Ni wifi yangu aliyetoka nyumba kubwa akikimbia, kitenge kikiburuta. Alikuwa amekuja tangu asubuhi kusaidia maandalizi.

"Umemfanyia nini?" aliniuliza huku akimlaza baba yake begani.

Alimpa maji, akampa dawa yake. Mdomo ulinyooka. Haikuwa kiharusi; ilikuwa hasira na huzuni vilivyotaka kutoka kwa mlango mmoja. Lakini wifi hakunisamehe.

"Gitaa lirudi chumbani. Leo. Unataka tuzike wawili ndiyo ufurahi?"

Gitaa likarudi. Mahindi yakavunwa, yakamenywa, yakaanikwa. Kutoka Natta wakatuma ujumbe kwamba Jumamosi wanakuja. Mzee hakutoka na kiti chake. Alikula kidogo, akamjibu kila mtu "ndiyo", na hilo ndilo lililotuogopesha, maana hakuwa mtu wa ndiyo.

Jumatano wifi alikuja jikoni nikisonga ugali. Alisimama mlangoni akiwa na kucha zake ndefu za bandia, nyekundu, za kutoka saluni ya Sirari.

"Ameongea na mimi," alisema. "Amelia, wifi. Baba yangu sijawahi kumwona akilia, hata siku ya mama. Anasema amemdanganya."

"Amemdanganya nani?"

"Mama. Si alimwahidi?" Akavuta pumzi. "Hiyo kitu iliwashinda ni ipi? Ni mkono tu?"

"Ni kidole. Sijui kipi kinakwenda wapi. Yeye hawezi kusema na mkono hauwezi kuonyesha."

"Wako hawezi kuushika."

"Hawezi."

Alitazama mikono yake mwenyewe. Nilimwona akifika kwenye wazo kabla yangu, na akilichukia.

"Wangu anaweza," alisema.

Binti hana ensoni ya namna hiyo kwa baba yake. Na wifi na wifi hushikana watakavyo, hata kwa kofi. Alichukua mwiko wangu, akaufuta ugali, akatoka nao nje. Mume wangu hakuwepo, gitaa liliingizwa jikoni na wifi mwenyewe. Mzee alitolewa, akaketishwa ukutani pake. Nikamsikia akisema kwa uchovu, "Wewe hujui kushika hata fimbo ya ng'ombe."

"Shika mkono wangu, Baba, uwache maneno. Huu mwiko ndio gitaa. Panga vidole."

Nikatazama kiooni. Kwa mkono wake wa kulia, ule mzima, alikuwa akipanga vidole vya kushoto vya binti yake juu ya mpini wa mwiko, kimoja kimoja.

"Hizi ni nini?"

"Ni kucha."

"Zitoe."

"Baba, hizi nimetengenezewa juzi!"

"Mwiko haukatai, uzi utakataa. Zitoe."

Nilisikia zikikatwa, tak, tak, na wifi akilaani kwa Kikurya kwa sauti ya chini. Kisha akaingia jikoni akitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni, mkono wa kushoto umeganda kwenye mwiko, macho yameutazama usije ukalegea.

"Haraka! Angalia kabla haijaniponyoka."

Niliangalia. Vidole vitatu vilikaa chini, mahali nilipovijua. Kidole cha shahada hakikuwa juu kabisa. Kilichokuwa juu, kimezunguka mpini kutoka nyuma na kuukandamiza kwa pembeni, kilikuwa kidole gumba. Kile kile ninachokitumia kushika mwiko kila siku ya maisha yangu. Kiooni kilikuwa kimejificha nyuma ya shingo ya gitaa, na mimi sikuwahi kukihesabu.

"Anasema ukamate," wifi alisema. "Kama mpini."

Niliweka vidole. Gumba halikufika. Wifi alitua mwiko, akalishika gumba langu kwa mikono miwili na kulivuta juu ya shingo ya gitaa bila huruma.

"Unaniumiza!"

"Nyamaza. Yeye ameniumiza mimi zaidi. Piga!"

Nikapiga. Uzi mnene ulinguruma chini, na zile tatu zikabaki juu yake, safi. Nje kiti kiligonga ukuta.

"Haya," alisema mzee. "Sasa mshushe majini. Taratibu."

Wifi aliingia na kutoka jioni hiyo, na Alhamisi, na Ijumaa, akichukua mkono kwa baba yake na kuuleta kwangu, hatua kwa hatua ya kile kivuko. Alikosea mara nyingi na kunisingizia. "Amesema wewe ni mzito." Na mzee kutoka nje: "Sijasema hivyo. Nimesema wewe." Lakini hatukuwahi kuupiga wimbo wote bila kuanguka. Ijumaa jioni niliupiga mara ya mwisho na ng'ombe akazama katikati ya mto. Mzee alisema tukalale.

Jumamosi watu wa Natta waliketi upande mmoja wa kaburi, sisi upande mwingine, na mzee akawekwa upande wa kichwa, karibu na shimo la msalaba. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba mbili. Kisha mume wangu akaniletea kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kupiga pasipo ukuta. Mzee alikuwa ananitazama, si usoni, ila kwenye vidole, na kaka wa marehemu alikuwa amekunja mikono kifuani, mtu aliyekubali kungoja lakini si kwa muda mrefu.

Nikaulegeza uzi mnene. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba huyu hata kuukaza hajui. Nikaanza.

Ng'ombe walitoka Nyarero salama. Mzee aliimba, sauti ikikwaruza, ikipotea, ikirudi. Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu na nilihisi pumzi yake kisogoni. Tukafika ukingoni. Ng'ombe akagoma. Nikanyamaza.

Sikuwa nimefikiria kimya hicho kingekuwa kirefu namna ile mahali pasipo jiko. Watu waliinua vichwa. Nilimwona mchungaji akifungua kitabu, akidhani nimesahau. Mume wangu alisogea hatua. Nilibaki na mkono hewani, kwa sababu mahali hapo hapakuwa pangu wala pa mzee; palikuwa pa mtu aliyelala chini, na sikujua ni nani mwenye haki ya kupajaza.

Mzee alitazama udongo.

"Na suruali," alisema kwa Kikurya, polepole, kwa ule mwendo wa wimbo, "suruali ilikwenda na maji."

Upande wa Natta mtu alicheka, mwanamke mzee, kicheko cha ghafla kama cha aliyefinywa. Kaka wa marehemu alifungua mikono. "Ilikwenda!" alisema. "Mimi nilikuwepo! Ilikwenda!" Na watu wakacheka na kulia kwa pamoja, nami nikazungusha gumba juu ya shingo ya gitaa, nikakamata kama mpini, nikamshusha ng'ombe majini. Aliyumba katikati. Uzi mmoja ulikwaruza na watu wote waliusikia. Lakini hakuzama, alitoka ng'ambo ya pili akiwa amelowa, na nilipopiga uzi wa mwisho wanaume walikuwa tayari wameunyanyua msalaba.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka na zege likikauka, mume wangu alilichukua gitaa kulirudisha lilikotoka. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, ameegemea ukuta wa jiko.

"Unalipeleka wapi?"

"Chumbani kwako, Baba."

"Huko nani ataliingilia?"

Mume wangu alisimama katikati ya ua na gitaa mkononi. Nyumbani kwetu mzee haingii; chumbani kwake mimi siingii. Akanitazama, nami nikamtazama wifi. Wifi alikuwa ameshaingia jikoni kwa mama yake. Tulimsikia akihamisha ungo uliokuwa umetundikwa karibu na dirisha, kisha akigongelea msumari kwa mchi wa kinu.

"Mwalimu," alisema mzee, akilitazama zizi. "Pale kati ya mto unakimbia."

"Ndiyo, Baba."

"Ng'ombe hakukimbia."